Kupanua gereji ya zamani Nakuru bila ukuta kupasuka

Gereji ya mzee wangu ilijengewa Datsun 1200, gari lisilofika hata mita 4 kwa urefu. Upana futi 9, kina futi 16, mlango wa mbao wa mabawa mawili, juu asbesto. Marehemu alikuwa akishaingiza gari anafungua mlango kidogo na kutoka kiubavu, kofia mkononi. Mimi nilipokuja na pikapu ya Hilux yenye urefu wa mita 5.3, mkia ulibaki nje na mlango haukufungika. Pikapu ikalala uani miaka miwili, kila asubuhi watoto wanaandika majina yao kwenye kioo kwa kidole. Vumbi la Nakuru halina mzaha. Hata jina la mji wenyewe husemwa limetoka kwenye neno la Kimaasai la mahali pa vumbi.

Gereji hiyo nimeipanua mara mbili. Ya kwanza ilipasuka kabla ya mwaka kwisha. Ninayoandika hapa ni ya mara ya pili, na nitakaa sana kwenye udongo, msingi na maji, maana hapo ndipo pesa zangu zilipozama. Mambo ya rangi na taa nitayapita mbio.

Pima gari, kisha pima watu wake

Wengi huanza na ploti: nafasi iliyobaki ni hii, basi gereji iwe hivi. Anza na gari. Probox ina upana wa karibu mita 1.7, Hilux inazidi mita 1.8, na vioo vya pembeni havijahesabiwa. Ongeza sentimita 75 kila upande ili mlango ufunguke mtu atoke akiwa amesimama wima. Kwa gari moja hesabu hiyo inakufikisha futi 12 kwa 20 bila anasa. Kwa magari mawili usishuke chini ya futi 22 kwa 20, vipimo vya ndani.

Kabla ya kumwita fundi, chora gereji yako chini kwa majivu au chokaa, egesha gari katikati ya mistari, ufungue milango yote pamoja na buti. Mimi nilijiona nimemaliza hadi mke wangu alipoingia upande wa abiria, mtoto mgongoni na mfuko wa unga mkononi, akajaribu kuteremka bila kuvuka mstari. Alivuka. Tukasogeza mstari futi moja na nusu, na futi hiyo haikugharimu kitu kwa sababu bado ilikuwa majivu.

Katika michoro ya mwisho gereji ya futi 9 kwa 16 ikawa futi 22 kwa 20. Ukuta wa kushoto wa zamani unabaki. Ukuta wa kulia na wa nyuma unabomolewa na kusogezwa.

Karatasi

Kupanua jengo ni ujenzi, hata kama ni gereji ndani ya ua wako. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inataka upate kibali cha kaunti kabla ya kuchimba. Utahitaji michoro ya msanifu majengo aliyesajiliwa, michoro ya injinia wa miundo, na nakala ya hatimiliki. Uliza pia kuhusu kuusajili mradi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA. Tafuta bikoni zako, yale mawe ya mpaka wa ploti, mapema, kwa sababu kupima umbali kutoka kwenye ua wa michongoma ni kujidanganya, michongoma hutembea. Ukiruka hatua hii, siku moja utaamka ukute alama ya X nyekundu ukutani, na hapo hata msingi mzuri hautakutetea.

Shimo la kuuliza udongo

Hapa nakuomba utulie.

Chimba mashimo mawili. Moja lichimbwe likigusana na ukuta wa zamani utakaobaki, jingine mahali ukuta mpya utakaposimama. Kina futi 4 au 5, upana wa kumtosha mtu mmoja. Majivu ya volkano yakiwa makavu husimama wima na kumdanganya mtu kwamba ni imara, kisha humwangukia, kwa hiyo asiingie mtu shimo likishapita kifua kabla halijazuiwa kwa mbao. Na asiwe peke yake.

Shimo la kwanza linakuonyesha msingi wa zamani unaishia wapi. Wa mzee wangu uliishia futi moja na nusu chini, mawe yamelazwa juu ya udongo mtupu, hakuna zege. Kati ya jiwe na jiwe simiti ilikuwa imepakwa usoni tu. Nilichomeka bisibisi kwenye kiungio ikaingia hadi mpini, na ilipotoka ilikuwa na tope jekundu. Kwa gereji ya gari dogo na paa jepesi, ukuta huo ulikuwa umesimama tangu sijazaliwa, kwa hiyo sina la kumlaumu aliyejenga. Ila haukujengwa ili ubebe kitu kingine.

Shimo la pili ndilo lililonifungua macho. Juu kulikuwa na udongo mweusi wa futi moja hivi, kisha majivu ya kijivu yenye vipande vyeupe kama mabonge ya sukari. Mzee mmoja fundi wa mawe, ambaye nilimwita aje atazame tu, akaokota bonge la ukubwa wa yai, akalitupa kwenye ndoo ya maji. Likaelea. "Kijana," akaniambia, "hapa unataka kujenga juu ya povu."

Lile ni jiwe la povu la Menengai, ambalo mlima huo wa volkano ulilitapika zamani likajaa hewa. Lenyewe halina ubaya mkubwa. Shida ni majivu yaliyolala nalo: yakikauka chembe zake hushikana, yakilowa zile chembe huachana na ardhi hukaa chini ghafla. Jipime mwenyewe. Mwaga ndoo mbili za maji kwenye sakafu ya shimo, subiri saa moja, kisha kanyaga kwa kisigino kimoja. Changu kilizama inchi 2. Kule maji yasikofika, kisigino hichohicho hakikuacha alama.

Kuna jambo kubwa zaidi la Nakuru ambalo shimo halitakuonyesha. Mji umekaa ndani ya Bonde la Ufa, juu ya nyufa za ardhi, na baada ya mvua kubwa zipo sehemu ambapo ardhi yenyewe hufunguka kwa mstari mrefu. Ukiona bonde dogo lililonyooka linalokatiza ploti yako na za majirani, usiendelee na mwongozo huu. Tafuta mtaalamu wa jiolojia kwanza.

Ndugu zangu wa Kisumu, hasa upande wa tambarare za Kano, ugonjwa wenu ni mwingine. Udongo mweusi wa pamba huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, kwa hiyo huinua sakafu na kuiangusha kila mwaka. Huo ondoeni wote chini ya gereji hadi mfikie tabaka gumu, mjaze murramu iliyoshindiliwa. Kuacha hata futi moja kwa kubana matumizi ni kupanda mbegu ya ufa. Mlio Vihiga na Kakamega, udongo mwekundu mara nyingi utawapa raha kidogo. Nyinyi pambaneni na mchwa.

Kilichonipata mara ya kwanza

Fundi wa kwanza hakuchimba shimo lolote la kupima, wala mimi sikumwambia achimbe. Alifika kwenye ukuta wa zamani, akatoa jiwe moja akaruka moja kutoka chini hadi juu, akaingiza mawe ya ukuta mpya yakashikana na ya zamani kama vidole vya mikono miwili. "Mdosi, hii imeshika hadi kiama," aliniambia. Kazi ilikuwa safi, hata uzi ulikubali.

Mvua ndefu zikaja. Ufa ulianza kama unywele pale kuta mbili zinapokutana. Mvua zilipokwisha, sarafu ya shilingi 10 iliingia yote.

Ukuta wa zamani ulikuwa umeshakaa. Umri wote huo umemaliza kushuka kwake. Ukuta mpya ulikuwa ndiyo kwanza unaanza kushuka, na gata niliyoifunga mwenyewe ilikuwa inatema maji ya paa zima kwenye kona ileile. Ukishikanisha anayeshuka na asiyeshuka, mmoja atararuka. Fundi alifunga mawe vizuri, lakini aliyechagua pa kumwagia maji ni mimi.

Tangu hapo kanuni yangu ni hii: ukuta wa zamani ubebe mwili wake tu. Paa na boriti vibebwe na nguzo mpya zenye misingi yake, na kati ya kipya na cha zamani paachwe nafasi ya inchi moja iliyojazwa kitu laini. Ufa utakuja tu. Wewe mwandalie njia iliyonyooka.

Kushusha asbesto

Nyumba nyingi za zamani mjini bado zina mabati mazito ya kijivu yenye mawimbi, unene wa milimita 6 hivi, na ukingo uliovunjika unaonyesha nyuzi nyuzi. Hiyo ni asbesto. Ikiwa nzima paani haina haraka na wewe. Ikivunjwa, vumbi lake huingia kwenye mapafu na likaleta saratani miaka mingi baadaye, wakati umeshasahau kama uliwahi kubomoa gereji.

Kanuni za usimamizi wa taka za mwaka 2006 zinaihesabu kuwa taka hatari, kwa hiyo anayeiondoa, anayeisafirisha na mahali inapozikwa lazima viwe vimeidhinishwa na NEMA, mamlaka ya mazingira. Gharama yake iweke kwenye bajeti tangu siku ya kwanza. Siku ya kazi, vipande hulowanishwa kwa maji, misumari hutolewa taratibu, kila bati huteremshwa zima kwa mikono na kufungwa kwa karatasi ya plastiki nzito mara mbili. Hakuna kutupa chini, hakuna msumeno, hakuna kufagia pakiwa pakavu. Watoto na kuku wahame.

Jirani mmoja aliniomba mabati sita ya banda la kuku. Nilimnyima, tukanuniana wiki nzima, na ningemnyima tena.

Kubomoa

Paa likishatoka, ukuta wa kulia na wa nyuma hubomolewa kutoka juu, kozi moja baada ya nyingine, kwa mtaimbo na nyundo. Kuusukuma ukuta uanguke wote kwa mkupuo hufurahisha vijana lakini huvunja mawe na wakati mwingine mguu. Mimi niliokoa karibu futi 140 za mawe mazima. Sakafu ya zamani nayo ilivunjwa, na vipande vyake vikarudi chini ya sakafu mpya kama hadikoo, yaani mawe ya kujazia.

Kabla ya kugusa chochote, hakikisha umeme wa gereji umekatwa kwenye bodi kuu, na ujue bomba la maji linapita wapi. La kwangu lilipita hasa pale lisipotarajiwa.

Msingi na nguzo

Injinia alinichorea nguzo saba za zege: tatu kando ya ukuta wa zamani kwa ndani, tatu upande wa kulia, moja mbele katikati ya milango miwili. Kila moja ilishuka futi 5 hadi kwenye tabaka gumu la rangi ya kijivu, ambapo ilifungwa kwenye kitako kipana cha zege. Vina hivyo ni vya ploti yangu. Vyako vitatoka kwenye mashimo yako na kwa injinia wako, kwa hiyo usimpelekee fundi makala hii badala ya mchoro.

Mashimo ya nguzo zilizo kando ya ukuta wa zamani yana hatari yake, maana yanashuka chini kuliko msingi wenyewe. Usiyachimbe yote matatu kwa wakati mmoja. Chimba moja, funga chuma, mwaga zege, lipe siku kadhaa, ndipo uende kwa jingine. Ukiyafungua yote pamoja, ukuta wa zamani utajikuta hauna kitu cha kusimamia ubavuni, na mvua ya usiku mmoja itaumaliza.

Kwa kuta mpya, mtaro wa msingi ulikuwa na upana wa futi 2 na kina cha futi 4. Sakafu ya mtaro ilishindiliwa ikiwa na unyevu kidogo tu. Mtaro ukinyeshewa kabla ya zege, toa lile tope hadi udongo mkavu, hata kama fundi anasema zege litalinywa.

Zege lolote lenye chuma ndani, mimi sishuki chini ya 1:2:4: simiti moja, mchanga mbili, kokoto nne. Na kipimo kisiwe wilibaro, kwa sababu wilibaro ya asubuhi na ya saa tisa alasiri hazilingani. Tengeneza boksi la mbao lenye inchi 13 kila upande, ndani. Likijaa na kusawazishwa juu, linabeba ujazo sawa na mfuko mmoja wa simiti wa kilo 50. Boksi mbili za mchanga, nne za kokoto, mfuko mmoja. Hesabu imekwisha, na hata mtoto anaweza kusimamia.

Maji ndiyo vita yako ya kweli na vibarua. Mfuko mmoja unataka lita 25 hadi 27 hivi, na mchanga ukiwa umelowa, pungufu ya hapo. Zege jepesi kama uji humwagika kwa raha, ndiyo maana kila ukigeuka mtu ameongeza debe. Likikauka, maji yale yanaacha matundu na nguvu inapungua. Nilimkabidhi binti yangu wa darasa la saba mtungi wa lita 20 na jagi la lita 1, nikamwambia yeye ndiye bosi wa maji. Waliongea naye kwa upole kuliko walivyoongea na mimi, na hakuwapa hata jagi moja la ziada.

Chuma kisilale juu ya udongo. Weka biskuti, vile vipande vidogo vya simiti, za inchi 2 chini yake ili zege liizunguke pande zote.

Ukuta

Mawe ya kukatwa kwa mashine huuzwa kwa futi, kwa hiyo hesabu yake ni nyepesi. Ukuta wa futi 9 kwenda juu ni kozi 12 za jiwe la inchi 9. Ukuta wa kulia futi 20 na wa nyuma futi 22 ni futi 42, mara 12 ni futi 504. Ukitoa 140 nilizookoa zinabaki 364. Niliagiza 390, nikijua lori halikosi yaliyomeguka. Yakifika, gonga machache kwa nyundo. Lililo zima hulia. Bovu hutoa sauti ya mkebe uliojaa mchanga. Yaloweshe kabla ya kuyajenga, la sivyo yatanywa maji ya simiti ya kiungio kabla haijashika. Kila baada ya kozi mbili laza hupu ayani, ule ukanda mwembamba wa chuma.

Juu ya kozi ya mwisho hupita boriti ya kuzunguka: chuma nne za D12 (unene wa milimita 12), ringi za D8 kila inchi 8. Wapo wanaoiona kuwa ni ya nyumba za ghorofa. Waambie kuhusu Subukia, hapo karibu tu, ambako tetemeko la tarehe 6 Januari 1928 lilifika ukubwa wa 6.9. Ukuta wa mawe usio na mkanda juu hufunguka kona zote nne ardhi ikitikisika.

Ile nafasi ya inchi moja kati ya kipya na cha zamani nilijaza ubao laini wa sponji, kisha nje nikaziba kwa gundi ya mpira inayovutika. Usiipige plasta. Plasta itapasuka na watu watakuambia gereji ina ufa. Na kwa kuwa ukuta wa zamani sasa umesimama peke yake, injinia aliweka chuma bapa kutoka kwenye nguzo mpya, zinazouzuia usiangukie upande lakini zinauacha ushuke wima ukitaka.

Mlango mmoja wa futi 16 unapendeza, ila linta yake, boriti inayopita juu ya mlango, ni nzito na chuma yake si ya kubahatisha. Nilichagua milango miwili ya futi 9 na nguzo katikati. Ninajua siku moja mtu atailamba nguzo ile kwa bampa.

Sakafu

Ndani ya kuta, shindilia hadikoo ya inchi 9 kwa tabaka mbili, usiijaze yote ndipo upige. Juu yake murramu inchi 2, nyunyizia dawa ya mchwa, tandika karatasi ya plastiki ya geji 1000 ikipanda ukutani, halafu wavu wa chuma wa BRC A142 ulioinuliwa kwa biskuti. Wavu uliolala kwenye plastiki haufanyi kazi yoyote, umezikwa tu.

Zege la inchi 5 kwa futi 22 kwa 20 ni kama mita 5.2 za ujazo. Andaa mifuko 35 ya simiti, mchanga tani 4, kokoto tani 7. Sakafu iwe juu ya ua kwa inchi 6, na iteremke inchi 4 kutoka ukuta wa nyuma hadi mlangoni ili maji ya tairi yatoke yenyewe. Pembeni mwa ukuta wa zamani na nguzo weka tena ule ubao wa sponji, sakafu isishikane nao.

Upepo wa mchana wa hapa kwetu hukausha zege usoni kabla ndani hakujashika. Funika kwa magunia saa chache baada ya kumaliza, mwagia asubuhi na jioni kwa siku 7. Gari lisubiri siku 28. Najua ni nyingi.

Paa, na maji yanakwenda wapi

Mbao za saiprasi zilizotiwa dawa, inchi 2 kwa 6 na 2 kwa 4. Kenchi zifungwe kwenye chuma zilizoachwa zikichomoza kwenye boriti, kwa sababu misumari pekee haiwezi kuushinda upepo unaoingia kupitia mlango wa futi 9. Mabati chukua geji 28. Nambari ikipanda bati linapungua unene, kwa hiyo 30 si nene kuliko 28, ingawa wapo wauzaji wanaokuacha uamini kuwa ni nene.

Paa langu pamoja na kingo ni mita 49 za mraba. Mvua ya milimita 20, ambayo kwa Aprili ni alasiri moja tu, inashusha karibu lita 980. Fikiria hizo zote zikitemwa kwenye kona moja ya majivu ya Menengai. Gata ziende kwenye tangi, na mdomo wa kufurikia wa tangi uende kwa bomba hadi kwenye mtaro wa nje, mbali na msingi kwa futi 10 au zaidi. Kuzunguka kuta mpya mwaga ukanda wa zege wa futi 3 unaoteremkia nje. Tangi lenyewe lisikae juu ya msingi mpya. Siku likivuja utarudi pale nilipoanzia.

Maji hayo usiyadharau. Visima vingi vya eneo hili vina floridi nyingi, ndiyo maana meno ya kahawia ni kitambulisho chetu hata tukiwa Mombasa. Maji ya mvua kutoka bati safi hayana shida hiyo, na gereji sasa ndiyo inayotupikia chai.

Umeme na hewa

Mwachie fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, na umdai saketi ya gereji peke yake yenye kifaa cha kukata umeme ukivuja. Soketi ziwe futi 4 juu ya sakafu, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hulala chini. Kwa sababu hiyohiyo acha matundu ya hewa chini ukutani, pande mbili zinazotazamana, pamoja na yale ya juu. Jenereta isiwashwe ndani, hata mlango ukiwa wazi.

Alama ya penseli

Kazi ilipokwisha nilipiga mistari mitatu ya penseli ikikatiza ile nafasi ya inchi moja, juu, kati na chini, nikaandika tarehe kando. Baada ya mvua ndefu nilirudi na rula. Mstari wa juu ulikuwa umeachana milimita 3, upande mpya ukiwa chini. Mvua fupi ziliongeza milimita 1. Mwaka uliofuata haukuongeza kitu. Sponji imebonyea kidogo, gundi imevutika, na hakuna jiwe hata moja lililopasuka. Pikapu inalala ndani, na mke wangu anateremka na unga wake bila kugusa ukuta.